Barua Mbili katika Bahasha Moja

Habari za kifo cha Mwanaisha zilinifikia siku tatu baada ya kuzikwa. Aliyenipigia simu ni Fundi Wekesa, ambaye tulikuwa hatujaongea kama miaka miwili. "Lumbasi, umesikia Mwanaisha ametuacha? Ni presha, wanasema. Wamezika Jumanne, hukohuko Mumias. Arobaini yake wakisoma nitakuambia." Kisha akaniuliza mahindi yangu yamefika wapi, nami nikamjibu kwamba yametoa maua na kwamba mvua si mbaya, kama vile hakuna lililosemwa kabla ya hapo. Ni baada ya simu kukatika ndipo nilipoketi kwenye ngazi ya mlango na kukaa hapo mpaka mke wangu akaja kuuliza kama ninaumwa. Nilimwambia amefariki mtu niliyefanya naye kazi zamani. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, na kwa sababu hiyo nimeamua kuandika juu ya mwaka ule mmoja nilipokuwa karani wa kituo cha watoto huko Shirere. Kuna jambo nililifanya mimi, na aliyelibeba ni yeye, na nilimwacha alibebe.

Niseme mapema kwamba mimi si mwandishi. Shule niliiacha kidato cha pili, na kuchapa nilijifunza kwa miezi mitano katika chumba kimoja nyuma ya soko. Nimekuwa nikiandika daftari tangu ujana kwa sababu sijiamini kukumbuka. Hata hivyo daftari la mwaka ule halinisaidii vile ningetaka. Siku ambazo leo ningelipa kitu kuzisoma, niliandika tu "mvua" au "Madam hayuko". Siku nyingine nimeandika ukurasa mzima juu ya utepe wa taipureta uliokwama. Kwa hiyo mtu akisoma haya ajue kwamba maneno ya watu nimeyaweka kama ninavyoyasikia kichwani, na kichwa changu kinampenda Mwanaisha kuliko kinavyompenda Madam, mkubwa wetu, jambo ambalo si haki kwa Madam.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya kupanga, ya mabati, yenye vyumba vitatu na jiko la nje. Kilihudumia watoto ambao miguu yao ilikuwa imekataa kuwabeba, wengine kwa polio, wengine walizaliwa hivyo. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi: meza yangu na taipureta dirishani, meza ya Madam Peninah ukutani, na kati yetu benchi la akina mama waliongoja. Chumba cha pili kilikuwa na mikeka ya mazoezi. Cha tatu kilikuwa karakana ya Fundi Wekesa, aliyetengeneza vyuma vya miguu na viatu vya kufungiwa vyuma hivyo, na harufu ya ngozi na gundi ilitufikia sote, hata ikaingia kwenye chai. Madam alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno. Mwanaisha ndiye aliyekuwa akitembea vijijini kutafuta watoto waliofichwa nyumbani, na ndiye aliyeandika barua za wafadhili. Mimi nilizichapa.

Saa saba tulikula pamoja, sote wanne na yeyote aliyekuwa kwenye benchi. Kila siku ilikuwa obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, au maharagwe. Wageni wakija ilikuwa ingokho, na hapa lazima nimpe Madam haki yake: kuku wa Kituo hakuchinjwa nyumbani hata mara moja tangu Mwanaisha aajiriwe. Madam alimpeleka mwenyewe akiwa hai, chini ya kwapa, mpaka kwa mzee mmoja Mwislamu mjini amchinje, ili sufuria ibaki moja. Fundi Wekesa alizoea kulalamika. "Huyu kuku amesafiri kunishinda mimi." Mwanaisha akamwambia, "Na ameenda na adabu. Wewe ukienda mjini unarudinga bila hata viatu." Wekesa alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nikimtazama Mwanaisha alivyovuta mtandio nyuma ya sikio kabla ya kunawa. Katika daftari siku hiyo niliandika: "Kuku." Basi.

Sasa niseme juu ya sweta, kwa sababu ndiyo iliyotuletea balaa. Pesa zetu karibu zote zilitoka kwa akina mama wa kanisa moja ng'ambo. Kila mmoja wao, au wawili watatu pamoja, walikuwa na mtoto wao, na kila mwaka tuliwatumia picha ya mtoto na barua. Mashirika mengine siku hizo yalimpiga picha mtoto akiwa na kamasi na shati lililochanika, kwa kuwa picha kama hiyo huleta pesa haraka. Madam alikataa. Lakini si yeye aliyeanza mambo ya sweta, ni akina mama wenyewe. Mwanaisha alipokwenda na kamera, mama alikuwa akimficha mtoto nyuma ya leso na kusema, "Usimpige hivi. Watu wataonanga nini? Watasema mimi simtunzi." Basi Mwanaisha akatafuta kwenye mitumba sweta nzuri rangi ya damu ya mzee yenye ukosi mweupe, akawa anaibeba mkobani. Mtoto alivalishwa, akapakwa mafuta usoni, akapigwa picha akiwa amekaa wima kama mtoto wa chifu, kisha sweta ikavuliwa ikaenda kwa mwingine. Wadogo walikunjiwa mikono. Wakubwa hatukuwafunga vifungo. Kiwiko cha kushoto kilipotoboka, Mwanaisha alikishona kwa uzi wa buluu, kwa sababu ndio aliokuwa nao. Hakuna mmoja wetu aliyeona ubaya. Hata mimi, niliyeweka picha zile katika bahasha moja baada ya nyingine, sikuwahi kuziona zikiwa pamoja.

Wao waliziona pamoja. Akina mama wale walitengeneza ubao kanisani kwao wakabandika watoto wote kumi na wawili, na watoto wote kumi na wawili walikuwa na kiwiko kimoja cha buluu. Barua yao ilifika siku ya mvua. Nakumbuka Madam akiisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Ilikuwa barua ya adabu sana. Walisema wanaumia kuuliza, lakini wameanza kujiuliza kama watoto hawa wapo kweli, au ni watoto wachache wanaopewa majina mengi. Mpaka wapate maelezo wangesimamisha michango. Na daktari mpasuaji alikuwa aje hospitali ya misheni baada ya miezi mitatu, akiwa ametupangia watoto kumi na wawili haohao. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Nafula, msichana wa miaka minane kutoka upande wa Malava, aliyetambaa kwa mikono akiwa amevaa kandambili viganjani. Wiki iliyotangulia alikuwa amemuuliza Mwanaisha, "Nikitoka huko nitatembea mpaka wapi?" Mwanaisha akamjibu, "Mpaka uchoke."

Madam alitaka tujibu siku hiyohiyo. Katika hilo alikuwa sawa. Nimekuja kujua hivyo baadaye. Alitembea sebuleni akinisomea, nami nikachapa. Barua ilisema kwamba sweta ile ni sare ya Kituo, kwamba kila mtoto anayo yake, na kwamba zote zilishonwa viwiko kwa uzi wa buluu ili zidumu. Nilipofika hapo vidole vikasita, akaniona.

"Karani, kuna nini?"

"Hakuna, Madam."

Mwanaisha alikuwa kwenye benchi akikunja shuka za mazoezi. "Madam, si kweli hiyo," alisema polepole.

"Najua si kweli. Ukweli ni mrefu. Ukweli utachukua kurasa tatu na wataona tunajitetea. Hii ni mistari miwili na inakwisha."

"Wakija je? Wakisema wanataka kuona sare?"

"Nitanunua kumi na mbili kesho."

"Mama zao hawakuona haya kuwavalisha ya kuazima, Madam. Kwa nini sisi tuone haya kusema?"

Madam hakukasirika. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe una barua. Mimi nina watoto kumi na wawili. Chapa, Karani."

Nimelifikiria jibu lile miaka yote hii. Aliyelisema hakuwa mtu mwongo. Alikuwa mtu aliyeogopa, na alichoogopa kilikuwa na miguu ya Nafula.

Kesho yake mchana, Madam akiwa hospitalini, Mwanaisha alikuja kwenye meza yangu na karatasi mbili alizoandika kwa mkono usiku wake nyumbani. Alikuwa ameeleza yote: leso za akina mama, mafuta usoni, mitumba, uzi. Mwishoni alikuwa ameandika, "Tulitaka muwaone kama mama zao wanavyotaka waonekane." Nilisoma sentensi ile mara nyingi. Bahasha ya Madam ilikuwa mezani, bado wazi, ikingoja niipeleke posta. "Sikulazimishi," alisema. "Lakini moyo wako ukikubali, toa hiyo, weka hii." Akarudi kwenye mikeka. Nilimsikia akihesabu na mtoto, moja, mbili, nyoosha, tatu.

Nilitembea kutoka Shirere mpaka posta na bahasha mkononi na karatasi zake mfukoni mwa shati. Mtu angedhani ni njia ndefu ya kufikiri, lakini sikufikiri. Niliona watu wakiuza nyanya, nikasalimiana na mtu wa kwetu, nikaulizwa habari za nyumbani. Pale kaunta nikatoa karatasi za Mwanaisha, nikazikunja, nikazitia juu ya ile ya Madam, nikalamba bahasha. Zote mbili. Yule wa kaunta akaipima akasema imezidi, ongeza stempu, nami nikaongeza kwa pesa yangu mwenyewe, na nakumbuka nikijisikia mtu mkubwa sana kwa ajili ya stempu ile. Nilijiambia kwamba sikumwasi Madam na sikumwangusha Mwanaisha. Nilijiambia kwamba wale wasomi wa ng'ambo watazisoma zote na wataelewa wenyewe ipi ni ipi. Leo naona nilitaka tu watu wawili wasinikasirikie, na sikufikiri hata kidogo juu ya mtu atakayefungua bahasha. Kurudi nilimwambia Madam, "Nimetuma." Nilimwambia Mwanaisha vilevile, neno lilelile, naye akaniwekea kipande cha muwa mezani.

Wiki zile nne za kungoja, nikiwa mkweli, ndizo nzuri kuliko zote za maisha yangu. Sijivunii kusema hivyo. Mwanaisha alidhani nilikuwa jasiri. Alianza kukaa upande wangu wa meza adhuhuri, akinisomea barua za watoto nikichapa, akinisahihisha Kiingereza kwa kugonga karatasi kwa ukucha. "Nyinyi watu wa Malava mnaandikanga kama mnafukuza ng'ombe. Pumzika mahali." Alinifundisha wapi pa kuweka mkato. Alileta njugu na simsim za kwao zilizokaangwa, akazimwaga juu ya gazeti kati yetu. Mara moja alisema kwamba mama yake ameuliza huyu Lumbasi ni mtu gani. Nikamuuliza alijibu nini. "Nimesema ni mtu wa kanisa, anayeweza kuchapa." Sijui kama alinipenda. Nimelipekua daftari nikitafuta ushahidi, na nikisoma kwa haki, hamna. Kuna njugu, kuna mkato, kuna siku mbili ambazo nimeandika jina lake na sikuandika kingine.

Jibu lilikuja saa ya chakula. Madam alilifungua mezani huku sisi tukila, kwa sababu alidhani ni habari njema. Akalisoma kimya, kisha akalisoma kwa sauti. Walisema wamepokea barua mbili. Walisema wanaiamini ile ya mkono, na kwamba baadhi yao walilia kuisoma. Lakini iliyochapwa ilikuwa na sahihi ya mkubwa wa Kituo, na hawakujua wafanye nini na shirika linalosema maneno mawili katika bahasha moja. Wangengoja neno moja zaidi. Madam alikunja karatasi. Mrenda ulikuwa ukipoa katika bakuli.

"Nani ameweka barua ya pili ndani ya yangu?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Hilo si kisingizio. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Fundi Wekesa alitazama sahani yake. Mwanaisha alinitazama mimi, si kwa muda mrefu, na nikaona akielewa kwamba sikutoa moja nikaweka nyingine kama alivyoomba. Nikaona pia akingoja. Alingoja kiasi cha mtu kumeza tonge. Kisha akasema, "Ni mimi, Madam."

"Wewe."

"Niliandika mimi. Nimeweka mimi."

Madam akanawa mikono. "Ukweli wako nitauandika," alisema. "Leo hii nitauandika na kutia sahihi, na nitawaomba msamaha. Lakini siwezi kukaa nyumba moja na mtu anayeingiza mkono kwenye bahasha yangu. Mwisho wa mwezi utafute kwingine." Sikumeza hata hapo.

Barua ya tatu ilichukua alasiri nzima. Madam alikaa, Mwanaisha akasimama nyuma yake, mimi nikachapa. Kama mtu angepita dirishani angedhani ni watu watatu wanaopatana sana. Madam alianza, "Nilidanganya kwa sababu niliogopa," na Mwanaisha akasema, "Weka jina la mtoto hapo, Madam, waone uliogopa kwa ajili ya nani," na Madam akaliweka la Nafula. Niliichapa mara saba mpaka lisibaki kosa hata moja. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopata kuchapa, na kila neno la kweli lililomo lilisemwa na mtu mwingine. Michango ilirudi, ikachelewa. Daktari alipokuja tuliweza kupeleka watoto wanane. Wanne walingoja awamu nyingine, na mmoja wa hao wanne familia yake ilihama. Sikujua alikoishia, na siwezi kumwondoa katika hesabu ya stempu yangu. Nafula alipasuliwa. Mwezi wa tisa baada ya hapo alitembea na vyuma vya Wekesa kutoka benchi mpaka jikoni akauliza kuna nini cha kula. Mwanaisha hakuwepo kuona. Alikuwa amerudi kwao, akaolewa na mfanyabiashara wa Matungu, akafundisha watoto wadogo mpaka alipostaafu. Wekesa ndiye aliyekuwa akiniletea habari.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kwenye warsha Kisumu, nikiwa bado karani, ingawa wa shirika kubwa. Kijana mwenye tai alitufundisha shirika liseme vipi likipatwa na balaa: mseme mapema, mseme ukweli, mseme kwa mdomo mmoja. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Madam alisema mapema, Mwanaisha alisema ukweli, na kazi ya mdomo mmoja nilipewa mimi.

Baada ya simu ya Wekesa nilikwenda Lurambi kumwona Madam. Amezeeka, macho yana ukungu, anamenya njugu kwa kupapasa. Nilimpa habari ya msiba, alikuwa ameshaipata. Nikakaa. Nikanywa chai. Nikasema, "Madam, ile barua ya pili, ni mimi niliyeitia."

"Najua."

"Mwanaisha alikuambia?"

"Hapana. Mwanaisha angetoa yangu, aweke yake. Mtu wa kuweka zote mbili, katika nyumba ile alikuwa mmoja tu." Aliendelea kumenya. Baadaye akasema, "Nilijua palepale, mezani. Lakini yeye alikuwa amesema neno lililokuwa langu kusema, lile la 'ni mimi', mbele yako na mbele ya Fundi. Hiyo ndiyo niliyomfukuzia, si bahasha. Na pia, Karani, yeye angepata kazi mahali. Wewe sikuona ungeenda wapi."

Nilikwenda arobaini nikiwa nimemshika Madam mkono. Kisomo kilipokwisha na watu wakila, binti mkubwa wa Mwanaisha, mwalimu kama mama yake, alikuja kutusalimia na kuuliza sisi ni akina nani. Madam alinigeuzia uso ili nijibu mimi. Nikamweleza yule binti yote, kwa mpangilio huu nilioandika hapa, pamoja na tonge. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono juu ya magoti. Nilidhani atanilaumu au atanisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Na yeye alikasirika?" aliuliza. "Siku ile, alipojua ni wewe?"

Nikamwambia sijui.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Lakini nyumbani kwetu si mbali," alisema, kwa mshangao tu, bila ubaya wowote. Kisha mtu akamwita upande wa jikoni, akainuka, akatuomba tusiondoke kabla ya kula.